Ombi la Tatu na Betri Kumi na Nne

Orval Tveiten alikuwa amebakiza ombi moja, na alilitunza kama mtu anavyotunza kiberiti kilichobakiwa na njiti moja.

Ngoja nieleze, maana asiyeishi Ziwa Skogen ataona watu wa huku kaskazini mwa Minnesota tuna wazimu. Tunao kweli, ila ni wazimu wa adabu. Ukimkaribisha mtu kahawa atasema hapana, usijisumbue, ametoka kunywa sasa hivi. Ukimkaribisha tena atasema kwa kweli hana haja. Mara ya tatu ndipo atavuta kiti, na hapo atakunywa vikombe vitatu na kumaliza biskuti zako zote. Anayekubali mara ya kwanza huonekana mroho, na anayekaribisha mara moja tu huonekana alikuwa anatania. Lakini mtu akikataa na hiyo ya tatu, hapo ni hapana ya kweli, na mwenye haya zake haulizi tena mpaka wanamzika.

Sasa ombi la Orval lilikuwa kumpakia Lavonne Aasgaard kwenye boti yake. Msinicheke. Mgane wa miaka sabini na mmoja akimwomba mjane wa miaka sitini na tisa wazunguke ziwa wawili tu, mchana kweupe, mbele ya madirisha yote ya ufukweni, huyo haombi kuzunguka ziwa. Kila mtu alijua anaomba nini, na Lavonne alijua kuliko wote.

Alimwomba mara ya kwanza mwezi wa Juni, walipokuwa wanapanga viti baada ya ibada. Orval alikikodolea macho kiti alichoshika, akasema kwamba siku moja kukiwa kuzuri huenda mtu angependa kuzunguka kidogo. Lavonne akasema aa, yeye hawezi, ikifika saa tisa alasiri hajanywa kahawa kichwa kinampasuka. Mara ya pili ilikuwa Agosti, kwenye mnada wa keki. Orval akataja kwamba ile boti bado ipo. Lavonne akasema na miguu yake hii ya baridi aende wapi, asijisumbue. Alisema hivyo huku masikio yamemwiva mekundu, na mtu mwenye macho yake angeyaona.

Mwanamume mwingine yeyote angengoja wiki mbili, akauliza tena, mambo yakaisha, na mimi nisingekuwa na hadithi. Balaa ni kwamba Orval alikuwa fundi. Alitengeneza mabasi ya shule miaka thelathini na nane, na miaka yote hiyo madereva walimjia na lawama zao. Dereva akisema ndani ya basi kuna baridi, Orval hakumuuliza anajisikiaje moyoni, alitengeneza hita. Kwa hiyo Lavonne alipokataa mara mbili, Orval hakusikia adabu. Alisikia hitilafu mbili, moja ya kahawa na moja ya miguu. Akaenda nyumbani akaziorodhesha kwa uzito wote, nyuma ya karatasi ya ratiba ya ibada, akaapa kwamba ombi la tatu halitatoka mdomoni mwake mpaka hitilafu zote mbili zimeondolewa. Aliogopa, ndio ukweli. Alikuwa na njiti moja tu.

Akaanza na kahawa. Boti yake ilikuwa kongwe, ya futi kumi na tisa, injini ya silinda nne ikiwa katikati ndani ya kasha la mbao. Ilikuwa na betri moja, na altaneta ndogo ya kuzalisha umeme, iliyozungushwa na fenibelti, ule mkanda wa mpira wa injini, ambayo maisha yake yote kazi yake ilikuwa kulisha taa mbili na honi. Orval alifunga inveta ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, akachomeka mashine ya kahawa ya jikoni kwake, akabonyeza. Taa nyekundu iliwaka, mashine ikakoroma, ikatema kahawa ya kijiko kimoja, halafu kila kitu kikafa, honi ikiwemo.

Akaongeza betri ya pili, akapata nusu kikombe. Akaongeza mbili nyingine, kikombe kikajaa, ila baada ya hapo injini ilitakiwa kunguruma siku tatu ndipo betri zijae tena, kwa sababu ile altaneta ilikuwa inajaza pipa kwa kijiko. Na Orval alimjua Lavonne. Lavonne ni mtu wa vikombe viwili.

Majaribio hayo yalimmalizia mwaka mzima, ndipo alipokwenda kwa wauza vyuma chakavu akarudi na altaneta ya gari la wagonjwa. Lidude lenye ukubwa wa boga, ambalo siku zake lililisha king'ora, taa za kumetameta na mashine za kurudisha roho za watu. Ziwa lilipoganda aliiweka boti gerejini, na majira yote ya baridi alikata kasha, akachomelea kishikio kipya, akafunga fenibelti mbili sambamba mahali pa moja, akatandaza waya nene kama kidole gumba. Alikuwa na furaha isiyo na kifani. Wakati huo Lavonne alikuwa upande wa pili wa ziwa, mwendo wa dakika sita kwa boti, anaangalia theluji dirishani na kungoja kuulizwa mara ya tatu.

Barafu ilipoyeyuka, Orval aliishusha boti majini na kuiwasha. Altaneta mpya iling'ata mkanda, injini ikazima. Akawasha tena, ikazima tena. Ule mzigo ulikuwa mzito kupita kiasi kwa injini inayotembea polepole, hivyo akaongeza mzunguko, na injini ikakubali, lakini fenibelti zikaanza kulia. Ulikuwa ni mlio mrefu, mwembamba, wa kupanda na kushuka, wenye majonzi. Siku ya tatu ya mlio huo akatokea luni, yule ndege mzamiaji wa ziwani mwenye madoadoa meupe mgongoni. Akaogelea hadi ubavuni mwa boti, akainua shingo, akaiitikia fenibelti. Tangu siku hiyo hakuondoka. Injini ikiwaka alikuja mbio akiimba, ikizimwa aliizunguka boti akilalamika, na samaki aliowavua aliwaacha juu ya gati mbele ya kasha la injini.

Jirani yake, Gaylen Pulkkinen, aliyaona yote hayo. Gaylen ni mzee wa Kifini ambaye kwa miaka miwili alikaa kwenye kiti cha kukunja juu ya gati la Orval, na nadhani katika muda wote huo alisema sentensi ishirini. Mojawapo aliisema siku luni alipoleta samaki wa nne.

"Hata huyu anauliza tu," alisema Gaylen. "Na wewe si ungemuuliza tu?"

"Bado wati mia nne," akajibu Orval.

Maana sasa mambo yalikuwa yameanza kwenda mrama. Altaneta ilipata moto, Orval akafunga feni ya kuipoza. Feni ilikula umeme, akaongeza betri. Betri ziliilemea boti mpaka maji yakaanza kuchungulia nyuma, akafunga pampu ya kuyatoa. Pampu ikala umeme, akaongeza betri. Akafunga mita sita za kuonyesha betri zinaendeleaje, na taa ya kusomea mita, na betri kwa ajili ya taa. Kufikia hapo hata zulia la umeme alilonunua kupasha moto miguu ya Lavonne lilikuwa bado limo kwenye boksi lake, na ndilo nusu ya kazi nzima.

Viti vikaanza kuondoka kimoja kimoja kupisha betri. Mwisho kilibaki kimoja, cha Lavonne, cha ngozi, chenye nyaya za kupasha moto ndani yake, ambacho Orval alikifungua kwenye gari la kifahari lililogonga kulungu. Yeye mwenyewe akawa anakalia ndoo. Majira ya joto ya pili yakapita hivyo. Ufukwe mzima ulijua kinachoendelea, na hakuna aliyetia neno, kwa sababu kutia neno ni kuingilia mambo ya watu. Tulikuwa tunamsalimia, tunaangalia mbingu, tunasema leo kuna kaupepo.

Halafu Jumapili moja mwishoni mwa Septemba, kwenye kahawa ya baada ya ibada, Lavonne alisimama karibu na Orval, akaielekezea uso sahani ya keki, akasema kwamba binti yake kule Arizona ana chumba kisichotumika. Mkwe wake atakuja kumchukua kwa gari. Wataondoka Jumamosi ile ya kutoa magati majini kabla barafu haijayavunja, saa sita kamili mchana. Nyumba itauzwa.

Orval alihisi kitu kimemdondoka ndani, kama spana inavyodondoka katikati ya injini na usisikie imetua wapi. Alikuwa anampenda mama huyu. Alimpenda tangu siku alipomwona anapanga viti kwa mpangilio wake mwenyewe, kimya kimya, baada ya watu wengine kuvipanga vibaya. Maneno yote alikuwa nayo tayari. Lakini zulia lilikuwa halijafungwa.

"Nasikia huko kuna joto," alisema.

"Joto kavu lakini," alisema Lavonne.

Orval akakubali kwamba kweli, ni kavu. Wote wawili wakaiangalia keki, kisha Lavonne akaenda kuosha vikombe. Watu waliokuwa karibu wanasema hawajawahi kuona mazungumzo ya kuumiza kama yale.

Kwa wiki mbili Orval hakulala vizuri wala kula vizuri. Alifanya kazi. Ijumaa jioni, kabla jua halijazama, zulia lilikuwa limefungwa, kiti kinapata moto, mashine ya kahawa inachemsha vikombe sita mfululizo, na mita zote sita zinaonyesha kijani. Betri zilikuwa kumi na nne. Alikuwa anapangusa kioo cha mwisho ofisa wa usalama wa majini wa kaunti alipopita na boti yake, mwanamama mmoja aitwaye Renae. Akapunguza mwendo, akatazama, akasogea.

Renae ni mwenyeji wetu, kwa hiyo hakusema alichotaka kusema. Alisema boti imetulia vizuri sana majini. Orval akashukuru. Renae akasema imetulia hasa, hata ukingo wake anauona unakaribia kulingana na ziwa. Kisha akaomba radhi, akainamia kibao cha chuma kilichopigwa misumari kando ya usukani, akakisoma. Kibao kilisema boti isibebe zaidi ya kilo mia tano. Renae akazihesabu betri, akanyanyua moja kidogo kuona uzito wake, akapiga hesabu kwenye kiganja.

"Mzee Tveiten, sheria inakuruhusu mtu mmoja humu," alisema kwa upole. "Na huyo mmoja asiwe ametoka kula."

Orval alikaa juu ya ndoo yake. Miaka miwili ya kazi, na alichokitengeneza kilikuwa boti yenye joto, kahawa na nafasi ya mtu mmoja. Ama amwombe Lavonne akazunguke ziwa peke yake, ama azunguke yeye peke yake huku kiti cha Lavonne kinapata moto bure. Renae aliona uso wake, akaona aibu kwa kuwepo pale, akasema leo kuna kaupepo, akaondoka.

Ungedhani hapo angezishusha betri na kwenda kuuliza. Hata mimi nilidhani. Lakini fundi ni fundi, na Jumamosi asubuhi Orval aliamka na suluhisho. Gati lake lilikuwa la mbao juu ya mapipa, linaelea, na siku yenyewe ilikuwa ya kutoa magati. Akalifungua kutoka ufukweni, akazihamishia betri zote kumi na nne juu yake, akalifunga nyuma ya boti kwa kamba na kuunganisha waya zake nene toka gatini hadi kwenye inveta. Gati litakokotwa. Kibao cha chuma kinahesabu kilichomo ndani ya boti, hakisemi chochote kuhusu kinachofuata nyuma. Kilichobaki ni mtu wa kukaa juu ya gati kuzishika waya zisianguke majini.

Akamwomba Gaylen. Gaylen akasema hapana, asijisumbue kwa ajili yake, amezoea kukaa nchi kavu. Akamwomba tena. Gaylen akasema kwa kweli hana haja. Akamwomba mara ya tatu, Gaylen akachukua kiti chake cha kukunja akapanda. Robo saa nzima ilipotelea hapo kwa ajili ya adabu, na Orval alisikia kila dakika yake ikipita.

Waling'oa nanga saa nne na robo. Orval aliwasha kila kitu, maana kahawa ilipaswa kuwa tayari wakifika, na kiti kiwe na moto, na zulia pia. Altaneta ikang'ata. Fenibelti zikalia. Luni akaja mbio kutoka kwenye matete. Wenzake wote walikuwa wameshahamia kusini, amebaki peke yake kwa ajili ya ule mkanda. Na injini, baada ya kulisha kahawa, kiti, zulia, feni, pampu, mita sita na taa ya kusomea mita, ikabakiwa na nguvu kidogo ya kusukuma boti, gati, betri na Gaylen kwa mwendo wa mtu mwenye ndara anayetafuta miwani yake.

Safari ya dakika sita. Saa nne na nusu bata aliwapita. Saa tano walikuwa hawajafika hata katikati, na jani kavu lililokuwa linaelea mbele yao walikuwa hawajalifikia. Pande zote za ziwa watu walikuwa wanavuta magati yao, na sote tulikuwa tunajifanya hatuoni. Kuna jamaa mmoja aliyefungua boliti ileile mara nne. Orval alikuwa juu ya ndoo yake, suti ya kanisani mwilini, macho kwenye paa la kijani la nyumba ya Lavonne.

"Zima zulia," Gaylen akamwambia kutoka gatini. "Tutaenda haraka."

"Miguu yake itapata baridi."

"Mwenyewe hayumo."

Orval hakuzima. Saa sita kasorobo walikuwa wamebakiza mita kama mia hivi. Aliliona gari la kijivu mlangoni kwa Lavonne, buti liko wazi, mkwe anapakia masanduku. Akamwona Lavonne mwenyewe akitoka, amevaa koti jekundu. Mkono wa Orval ukaenda wenyewe kwenye wenzo wa mafuta, akausukuma mpaka mwisho. Altaneta ikang'ata kwa nguvu zake zote, mlio ukapanda mahali ambapo haujawahi kupanda, luni akaitikia kwa raha, na fenibelti zote mbili zikakatika kwa pamoja. Kipande kikachapa fyuzi kubwa. Injini ikakohoa, ikafa. Mita zikalala moja moja. Mashine ya kahawa ikanyamaza ikiwa katikati ya kikombe cha kwanza.

Kukawa kimya. Gati, ambalo halikuwa na habari, likaja polepole na kuigonga boti nyuma.

Luni akaita. Akangoja, akageuza kichwa huku na huku, akaita tena. Kasha la injini halikumjibu. Ndege yule alikuwa amebembeleza tangu masika, bila kahawa wala kiti cha moto, na alikuwa ameuliza kila siku aliyojaliwa. Akaita mara ya tatu, akasikiliza kwa muda mrefu sana. Kisha akaanza kukimbia juu ya maji akipiga mabawa, akanyanyuka, akapita juu ya paa la kijani, akaelekea kusini.

Orval alimfuata kwa macho mpaka akapotea. Na hapo, bwana, baada ya miaka miwili, ndipo kichwa kilipomfunguka. Hakukuwa na hitilafu yoyote. Haikuwahi kuwepo. Ufukweni yule mkwe akafunga buti la gari.

Kwetu hakuna apigaye kelele ziwani isipokuwa mtu amezama chini ya barafu. Orval alisimama juu ya ndoo.

"Lavonne! Kahawa haijaiva, zulia limezima, na boti imekufa! Njoo tuzunguke!"

Tuliacha hata kujifanya. Watu walisimama na mbao mikononi. Njiti ya mwisho ilikuwa imeshawashwa, na Lavonne alisimama pale na koti lake jekundu, akamtazama yule mzee juu ya ndoo, na gati lake, na Gaylen wake. Kisha akageuka, akaingia ndani, akafunga mlango.

Orval akashuka, akakaa. Basi, hiyo ilikuwa ya tatu. Alihisi baridi miguuni, na akafikiri kwamba kumbe ni kweli, kwenye boti miguu inapata baridi. Gaylen, kwa heshima, aligeuza kiti chake akaangalia upande mwingine.

Mlango ukafunguliwa. Lavonne alitoka na soksi nene za sufu, themosi ya kijani iliyobonyea kwapani, na jaketi la kujiokolea kifuani. Akampita mkwe wake bila neno. Akapindua mtumbwi wa bati uliokuwa umefudikizwa ufukweni, mkwe akaja kusaidia, Lavonne akasema hapana mara moja tu na alimaanisha. Akapiga kasia mita mia zile moja kwa moja, koti na yote, akaushika ukingo wa boti na kuingia.

Orval akaanza kueleza kwamba ni fyuzi tu, ampe dakika ishirini, anayo nyingine. Lavonne alikuwa anazitazama mita sita, na zulia, na mashine ya kahawa, na kile kiti kimoja cha ngozi.

"Cha nani hiki?" aliuliza.

"Chako. Kinapata moto. Yaani, kilikuwa kinapata."

"Na wewe?"

Orval akaonyesha ndoo. Lavonne akaketi sakafuni, akaegemeza mgongo kwenye kasha la injini, ambalo lilikuwa la moto bado, kama ambavyo lingekuwa la moto siku yoyote ya miaka hiyo miwili, akapapasa mahali pembeni yake. Orval akakaa. Hapo ndipo alipoliona vizuri lile jaketi. Lilikuwa jipya kabisa, lakini rangi ya bega moja ilikuwa imepauka, kama kitu kilichotundikwa siku nyingi karibu na dirisha.

"Nililinunua Agosti ile ya mnada wa keki," alisema Lavonne, kabla hajaulizwa.

Machozi yalimlenga Orval, akajifanya anatazama maji. Lavonne akafungua chupa, mvuke ukapanda, akamwita Gaylen huko gatini na kumkaribisha kahawa. Gaylen, aliyekuwa ameganda tangu saa nne, akasema hapana, asijisumbue. Lavonne akasema haya, akageuka. Gaylen alibaki mdomo wazi katikati ya betri zake kumi na nne.

Akamimina kikombe kimoja kilichojaa, akampa Orval. Na Orval, kwa mazoea ya maisha yake yote, hakuweza kujizuia. Akainua kiganja, akaanza kusema hapana, usijisumbue, mimi nimetoka kunywa.

"Kunywa, Orval," alisema Lavonne. "Hatuna miaka mingine miwili."

Akakipokea kwa mikono miwili, akanywa.